Mbwa Wakali Wanaozurura Mitaani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku barazani, ofisi za serikali za mitaa na kwenye foleni ya chumba cha sindano. Kama umeng'atwa sasa hivi, usianze kusoma juu. Nenda swali la 8, fanya yaliyoandikwa pale, mengine utayasoma baadaye.

## Kumjua mbwa mwenyewe

1. Mbwa koko ndiye mbwa mkali?

Mara nyingi siye. Koko aliyekulia mtaani anaishi kwa kuwakwepa watu. Analijua jiwe, analijua teke, na ukimwendea anaondoka mkia ukiwa katikati ya miguu. Anayerukia wapita njia kwa kawaida ni mbwa mwenye kwao: usiku analinda ua, asubuhi geti linaachwa wazi, naye anaihesabu barabara ya mbele ya nyumba kuwa ni ua wake. Kila anayepita, kwake ni mwizi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni geti analotoka na mahali anaporudi kulala. Mwangalieni siku mbili tatu, hasa alfajiri na wakati wa chakula cha usiku. Mbwa anayekula mahali pamoja kila siku ana mwenyewe, hata kama mwenyewe anasema vingine (swali la 15).

2. Kwa nini usiku na alfajiri wanatembea makundi?

Barabara zimetulia, taka za jana ziko nje, na pengine kuna jike lililo kwenye joto. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kila mara kwa muda wa kama wiki tatu, na madume ya mitaa mitatu humfuata. Mbwa ambaye peke yake angekukimbia, ndani ya kundi anapata ujasiri asiokuwa nao. Ukiona kundi limemzunguka jike, usipite katikati hata kama njia yako ni hiyo. Zunguka.

Wanaokwenda swala ya alfajiri na wanaowahi samaki kwenye mialo ya Deep Sea au Sahare ndio wanaokutana nao zaidi. Tembeeni wawili wawili, mkiwa na tochi. Samaki wabebwe kwenye ndoo yenye mfuniko, maana kapu linalodondosha maji ya samaki linawaita mbwa wa njia nzima.

3. Nitajuaje kwamba huyu atauma, habweki tu?

Anayebweka huku akirudi nyuma na kurudia tena mara nyingi anaogopa. Wa kuchungwa ni aliyenyamaza: mwili umekakamaa, uzito ameuweka mbele, mdomo umefungwa, macho hayakuachi, anakuja polepole. Mkia nao hudanganya. Ukiwa umesimama wima na unatikisika kwa mikato mifupi, hakusalimu.

## Ukikutana naye njiani

4. Mbwa akinijia, nifanye nini?

Simama. Ukikimbia unampa sababu, na mbio zake huziwezi. Mgeuzie ubavu badala ya kifua, mwangalie miguuni, usimkodolee macho. Mikono iteremke, vidole uvikunje ngumi. Sema neno moja kwa sauti nzito, "Rudi!" au "Toka!", bila kupiga kelele. Kisha ondoka kwa hatua za ubavu, ukiwa bado unamwona, mpaka uwe mbali na geti lake. Wengi hukuacha mara tu unapovuka mpaka wa eneo wanalolihesabu kuwa lao.

Ukiwa na mwavuli, kikapu au begi, kiweke kati yenu. Akitaka kung'ata, mwachie begi aling'ate. Akikukamata mkono au mguu usiuvute kwa nguvu, kwa sababu meno yaliyozama yakivutwa yanachana nyama. Ukiangushwa, jikunje: magoti tumboni, vidole vimeshikana nyuma ya shingo, mikono imefunika masikio, uso chini.

5. Nikiwa kwenye baiskeli au bodaboda?

Mji huu wa baiskeli unalijua swali hili vizuri. Mbwa huvutwa na mzunguko wa tairi na miguu inayokanyaga. Punguza mwendo, shuka upande ambao mbwa hayupo, baiskeli iwe ukuta kati yenu, tembea nayo. Ukishampita, panda tena.

Kwenye bodaboda usimpige teke wala usinyanyue miguu, maana pikipiki inayumba, na lami inaumiza kuliko meno. Dereva anayeijua njia apunguze mwendo kabla ya kufika kwenye lile geti, apite taratibu, asiongeze moto akiwa mbele ya mbwa.

6. Kuinama kama unaokota jiwe kunasaidia?

Kwa koko, ndiyo, mara nyingi anakimbia kabla hujanyooka. Kwa mbwa wa geti aliyekwisha kuja kwa kasi, ni hatari. Akiwa hatua mbili kutoka kwako, ukiinama unampelekea uso. Na jiwe likimpata mmoja kwenye kundi, wenzake wanaweza kuja wote.

7. Watoto wafundishwe nini?

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Wafundishwe kusimama tuli kama mnazi, kutomgusa mbwa anayekula, aliyelala au aliye na watoto, na kutochungulia chini ya geti.

Lakini somo kubwa zaidi ni kusema. Mtoto aliyekwaruzwa alipokuwa akimchokoza mbwa wa watu anaficha, anaogopa fimbo. Mwambieni mapema, kabla halijatokea, kwamba akija kusema hatachapwa. Mkwaruzo mdogo uliofichwa unaua.

## Ukishang'atwa au kukwaruzwa

8. Nianze na nini?

Maji na sabuni, hapo hapo ulipo, dakika 15 kamili. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate yaliyoingia jerahani, na sabuni inaviharibu kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu. Sabuni ya mche inatosha. Kama bomba halitoi, tumia ndoo ya lita 20: mtu mmoja amimine kwa kopo, taratibu, lita moja na kidogo kwa dakika, mwingine apake povu na kuosha mpaka ndani ya matundu ya meno. Tazama saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na wengi huacha ya tatu damu inapokoma.

Baadaye paka iodini au spiriti kama ipo, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, uende hospitali siku hiyo hiyo. Usianzie polisi. Karatasi zitafuata (swali la 16).

9. Tupake nini kingine?

Hakuna. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, ugoro, maji ya betri na jiwe la nyoka haviui virusi, na vingine vinachoma nyama na kufungua njia zaidi. Jeraha lisikimbizwe kushonwa pia. Mhudumu anayelijua jambo hili huliacha wazi kwanza, isipokuwa pale ambapo haiwezekani, kwa mfano usoni.

10. Hospitali nitachomwa sindano ngapi?

Inategemea utaratibu wanaotumia. Chanjo ya msuli hutolewa siku ya 0, 3, 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Ipo pia ya kwenye ngozi: sehemu mbili kila mara, siku ya 0, 3 na 7. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza. Huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani. Haichomwi takoni. Habari za sindano nyingi za tumboni ni za zamani, zisimtishe mtu.

Kama meno yamepasua ngozi, kuna dawa nyingine ya kinga ya moja kwa moja, imunoglobulini, inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha mara moja tu, mwanzoni. Iulizie kwa jina. Ulizia pia sindano ya pepopunda.

Si kila zahanati inakaa na chanjo hii. Piga simu au mtume mtu aulize kabla ya kuhangaika na mgonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndiyo pa kuanza kuulizia. Na uliza bei ya dozi zote, isiwe ya kwanza peke yake. Wengi hukwama dozi ya tatu kwa sababu ya fedha au nauli, na kidonda kimeshapona kwa macho. Ukichelewa siku ya dozi, nenda uendelee ulipoishia. Huanzi upya. Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa kama wengine.

Uliyewahi kumaliza chanjo hii zamani, sema. Utapewa dozi mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila imunoglobulini.

11. Mwenye mbwa anasema kachanjwa. Bado nichome?

Anza. Omba uione kadi ya chanjo, tarehe yake isizidi mwaka, lakini usikae nyumbani ukiisubiri. Wakati huo mbwa afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10. Virusi huonekana kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaugua, na akishaugua hufa upesi. Kama siku ya kumi yuko hai na mzima, hakukuambukiza siku ile, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki.

Ndiyo maana kumuua mbwa aliyeuma ni kujiharibia mwenyewe. Mnapoteza jibu ambalo lingepatikana bure.

12. Alinilamba tu. Na najisi je?

Akilamba ngozi isiyo na kidonda, osha, basi. Akilamba kidonda, jicho au mdomo, hesabu kama umeng'atwa vibaya. Mkwaruzo bila damu unahitaji chanjo pia.

Swali la najisi linaulizwa sana hapa pwani. Wenye kufuata madhehebu ya Shafi huosha mara saba, moja kwa udongo. Nguo na ngozi nzima, fanyeni mnavyofanya siku zote. Lakini udongo usitiwe kwenye kidonda kilicho wazi, kwani huko ndiko pepopunda inakotoka. Kwanza sabuni dakika 15, kisha hospitali, na suala la tohara ya jeraha mpelekee sheikh wako ukiwa umeshachomwa.

13. Imepita wiki tatu. Nimechelewa?

Kama huna dalili, hujachelewa. Nenda leo. Ugonjwa kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, lakini unaweza kuwahi wiki moja au kukaa hata mwaka. Ukishaanza kusikia ganzi na maumivu kwenye kovu, kuogopa maji na upepo, dawa ya kuponya hakuna.

## Mbwa wa jirani

14. Mbwa wa jirani anatoka kila siku. Nianzie wapi?

Kwake, kwa salamu, mchana, ukiwa huna hasira. Mweleze tarehe, saa na nani alikimbizwa. "Mbwa wako msumbufu" ni maneno, "Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi alimwangusha mtoto wa shule mbele ya geti" ni habari. Mara nyingi mwenye nyumba hajui. Geti linaachwa wazi na muuza maji au kijana wa kazi yeye akiwa kazini.

Isipobadilika, nendeni kwa balozi wa nyumba kumi, halafu kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kwa barua. Iandikwe sura ya mbwa, nyumba anakotoka, matukio kwa tarehe, picha kama zipo, na mnachotaka kifanyike: geti lifungwe, kadi ya chanjo ionekane. Nakala impate afisa mifugo wa kata. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na mhuri haikuwahi kuandikwa. Muulizeni mtendaji pia sheria ndogo za halmashauri zinasemaje kuhusu mbwa.

Sainini nyumba tatu au nne. Malalamiko ya mtu mmoja yanageuzwa ugomvi wa majirani, na hapo mbwa anasahaulika.

15. Ameuma, na mwenyewe anamkana.

Kila mbwa wa mtaani ana mwenyewe mpaka siku anayouma. Kusanyeni ushahidi kabla ya kugombana: picha ya mbwa akiwa ndani ya ua, watu wanaomwona akilishwa, aliyemchanja. Muuza genge wa kona anajua zaidi ya mwenyekiti. Ukanaji ukiendelea, mwambieni mtendaji mbele yake kwamba basi afisa mifugo amchukue mbwa asiye na mwenyewe. Wengi humkumbuka mbwa wao hapo.

16. Nani analipa matibabu?

Tunashauri mkubaliane kwa maandishi mbele ya mtendaji, na malipo yahusu dozi zote, nauli na siku za kazi zilizopotea. Tunza kila risiti. Akikataa, nenda polisi ukachukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na kufungua jalada. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inagusa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya mnyama wake anayeweza kudhuru. Mbwa akiwa bado anashambulia watu, namba ya dharura ya polisi ni 112.

17. Mimi ndiye mwenye mbwa. Nimzuie vipi?

Anza na geti. Nafasi ya chini isizidi sentimita 10. Weka springi, au uzito uliofungwa kwa kamba kupitia kapi, lijifunge lenyewe, na komeo la pili juu ambalo mbwa hawezi kulisukuma kwa pua. Michongoma haizuii mbwa. Hutoboka chini. Pitisha wavu nyuma yake na uufukie sentimita 30.

Mnyororo wa kutwa nzima unamfanya awe mkali zaidi. Ukilazimika, tandaza waya mita tano au sita kati ya nguzo mbili, mnyororo uteleze juu yake kwa pete, kivuli na maji viwepo. Chanja kila mwaka. Mhasi: dume lililohasiwa hupunguza kutanga, na jike halikuletei kundi getini. Bango la "Mbwa mkali" linaonya tu, halikutoi kwenye lawama.

## Mtaa mzima

18. Kwa nini wasitegewe sumu tukamaliza?

Nyama yenye sumu haichagui. Inaliwa na paka, kuku, kunguru, na mtoto akiiokota hakuna wa kumrudisha. Anayetega anaweza kujibu kwa mali ya mtu aliyoiua, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Hata bila sheria, haifanyi kazi. Mbwa wakifa, chakula walichokuwa wakila kinabaki, na wengine wanahamia kutoka mtaa wa pili ndani ya miezi, wasiojulikana na wasiochanjwa. Mnaua waliochanjwa, mnapokea wasiochanjwa.

19. Kipi kinafanya kazi?

Chanjo ya mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo moja. Hapo kichaa kinakosa mbwa wa kutosha wa kupitia, kinakatika. Kampeni nyingi hupangwa kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini mtaa unaweza kumwomba afisa mifugo siku yake.

Siku hiyo huharibika kwa mambo madogo. Watoto wa miaka minane wanatumwa na mbwa wasiowaweza, kamba zinakatika, mbwa wanapigana kwenye mstari. Aje mtu mzima, kamba moja mbwa mmoja, mita mbili kati ya mbwa na mbwa, chini ya mti. Watoto wa mbwa waletwe pia. Wakikosa kuchanjwa, mwakani wao ndio wakubwa wa mtaa. Waliochanjwa wavishwe utepe wa rangi shingoni, msihangaike kuulizana.

20. Taka zinahusika vipi?

Jalala likijaa, mbwa wanazaa karibu yake. Mabaki ya bucha, matumbo ya samaki na makombo ya mama ntilie yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko mzito, yatolewe asubuhi ya siku ya gari. Kuyatoa usiku ni kuwaandalia karamu.

## Hali zisizo za kawaida

21. Mbwa anadondosha mate, taya limening'inia. Tunadhani mfupa umemkwama.

Msimtie mkono mdomoni. Hivi ndivyo kichaa cha kimya kinavyoonekana: koo limepooza, hawezi kumeza, sauti imebadilika, anayumba. Hana ukali wowote, na hapo ndipo mwenye huruma anapoambukizwa. Mfungieni alipo kwa kufunga mlango, bila kumkamata, mwiteni afisa mifugo. Asipokunywa maji msijenge hoja yoyote. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu, mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa au kuvuka maji.

22. Mbuzi wangu kang'atwa.

Osha jeraha kwa sabuni ukiwa na glavu, mtenge, mwite afisa mifugo. Usimchinje kuwahi hasara akianza kuugua. Anayechinja na kuchuna ndiye anayejiweka hatarini, na nyama na maziwa yake visiliwe.

23. Jike amezaa ndani ya pagale, anarukia kila apitaye.

Anawalinda watoto, na ukali huo hupungua wakikua. Hamisheni njia ya watoto wa shule kwa wiki chache, zibeni upande wa pagale unaotazama barabara kwa bati au mbao, mwacheni upande wa nyuma. Msiwachukue watoto wake mchana yeye akiwepo. Wakifika wiki nane hivi, mwombeni afisa mifugo awachanje pamoja na mama yao, na mama ahasiwe kabla hajaingia joto tena.

24. Mbwa aliyeuma ameshauawa. Mzoga tuufanye nini?

Kichwa kisipondwe wala kuchomwa moto. Ubongo ndio unaopimwa, na sampuli hupelekwa maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kupitia ofisi ya mifugo. Mpigieni afisa kwanza, na wakati mnamsubiri mzoga ukae kivulini, umefunikwa, watoto na mbwa wengine wasiufikie. Asiguse mtu bila glavu. Mifuko miwili ya nailoni iliyovaliwa mkononi ni afadhali kuliko mkono mtupu.

Afisa akishamaliza, fukieni kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima. Sakafu na koleo vioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini. Aliyeng'atwa aendelee na dozi zake zote mpaka jibu la maabara lije, na likichelewa azimalize.